Magoti, mabega na inchi 30: viti vya ndege vya daraja la kawaida vinavyotofautiana

Tiketi mbili za safari moja zimekaa kwenye skrini. Bei zinakaribiana, saa za kuondoka zinakaribiana. Wengi hapo huchukua ile ya bei nafuu au ya shirika wanalolijua kwa jina. Lakini kwa mwenye mapaja marefu, mabega mapana au kiuno kinachosumbua, jina la shirika halisemi mengi. Kinachosema ni aina ya ndege, idadi ya viti katika mstari mmoja, na namba ya mstari atakaokaa. Emirates ni mfano mzuri. Sitaha ya chini ya ndege zao za Airbus A380 ina viti kumi kwa mstari, vyenye upana wa karibu inchi 18 kila kimoja. Boeing 777 zao nazo zina viti kumi kwa mstari, ila bodi ya 777 ni nyembamba kuliko ya A380, hivyo kila kiti kinashuka hadi karibu inchi 17. Nembo ni ileile, huduma ni ileile, na mara nyingi hata nauli ni ileile. Mabega ndiyo yanayojua tofauti.

Hapa tunapima daraja la kawaida. Daraja la biashara lina kasoro zake, lakini magoti kwa kawaida hayamo.

Pichi na nafasi halisi ya goti

Kipimo kinachotangazwa zaidi ni pichi, yaani umbali kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu ileile ya kiti cha mbele, kwa inchi. Ndani ya umbali huo umo unene wa mgongo wa kiti, umo mfuko wa majarida, na umo wewe mwenyewe. Kwa hiyo pichi ya inchi 30, ambayo ni sentimita 76, haikupi sentimita 76 za kukaa. Toa mgongo wa kiti kinene cha zamani, tukadirie sentimita 10 pale goti linapofika, zinabaki 66. Toa mgongo mwembamba wa kiti cha kisasa, tukadirie sentimita 5, zinabaki 71. Ndiyo maana ndege ya inchi 30 yenye viti vyembamba inaweza kumpa abiria nafasi sawa na ndege ya zamani ya inchi 32. Anayelinganisha mashirika kwa pichi peke yake analinganisha nusu ya habari.

Kabla ya kulinganisha chochote, jipime. Kaa kwenye kiti kigumu, makalio na mgongo vimegusa ukuta, nyayo sakafuni, kisha mtu akupimie kutoka ukutani hadi mbele ya goti. Ongeza sentimita 3 au 4 za kujigeuza. Urefu wa kusimama hausaidii hapa, kwa sababu watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana sana kwa urefu wa paja. Jumla ikiwa 60, hata pichi ya inchi 28 yenye viti vyembamba utaimudu. Ikiwa 66, inchi 28 haikubakizii chochote hata kwenye kiti chembamba, na kwenye kiti kinene goti linagusa kiti cha mbele kuanzia kupaa hadi kutua, kwa hiyo kiwango chako cha chini ni inchi 30 kwenye kiti chembamba au 32 kwenye kiti kinene. Ikizidi 70, acha kubahatisha mistari ya kawaida isipokuwa pichi ni 32 au zaidi na viti ni vyembamba. Vinginevyo weka kabisa gharama ya mstari wenye nafasi zaidi kwenye bajeti ya safari.

Mahali pa mfuko wa majarida pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Watengenezaji kama Recaro waliuhamishia juu ya meza ya kukunja katika viti vyao vyembamba, na sehemu ya chini ikaachwa imebonyea kidogo kwa ajili ya goti. Kiti chenye mfuko chini, kilichojazwa jarida, chupa ya maji na chaja, kinaweza kula sentimita mbili tatu. Jambo la kwanza la kufanya ukishakaa ni kuutoa mzigo wako humo, na jarida pia ukiweza. Kadi ya usalama iache mahali pake.

Kisha kuna miguu yenyewe, ambayo pichi haiigusi kabisa. Viti vitatu hukaa juu ya fremu moja yenye nguzo chache zilizofungwa kwenye reli za sakafuni, na reli hazifuati mipaka ya viti. Matokeo yake nafasi ya chini ya kiti haigawanyiki sawa: kwenye ndege nyingi zenye njia moja ya kupita kati ya viti, anayekaa kando ya njia hiyo hupata uwazi mwembamba kuliko wenzake, na begi linalotosha chini ya kiti cha kati linaweza kugoma kwake. Ndege za zamani zenye skrini zina jambo la ziada, sanduku la chuma la mitambo ya burudani lililofungwa chini ya kiti cha mbele. Mwenye bahati mbaya hupata sanduku upande mmoja na nguzo upande wa pili, mguu ukabaki katikati kwa saa tisa.

Viti vyembamba si ushindi mtupu. Sponji yake ni ndogo. Safari ya saa mbili huilalamikii, lakini baada ya saa tatu nne uzito wote umekaa kwenye mifupa ya makalio. Fremu nyepesi nayo hupitisha kila kitu: aliye nyuma akifungua meza, akigonga skrini au akijishikilia ili asimame, mgongo wako unapata taarifa. Kwa safari ya usiku kucha tungechagua kiti kinene chenye egemeo la kichwa linalokunjwa pembeni, hata kama kinapoteza sentimita chache za goti, mradi goti lisiguse.

Kulaza kiti ni suala jingine. Viti vingi vya kisasa, ukibonyeza kitufe, kalio husogea mbele mgongo unaposhuka. Hapo nafasi unayoipunguza kwanza ni yako mwenyewe. Cathay Pacific walilipeleka wazo hilo mbali zaidi miaka ya 2000 kwa viti vyenye ganda lisilosogea, ambamo abiria alijilaza kwa kuteleza mbele ndani ya ganda. Aliye nyuma hakubughudhiwa, lakini magoti ya mwenye kiti yalikwenda kugonga ganda la mbele, malalamiko yakawa mengi, na viti vile vikaondolewa. Upande wa pili wapo waliokata shauri kwamba kiti kisilale kabisa. Ryanair viti vyao havilali wala havina mifuko, na kadi ya usalama imebandikwa kwenye mgongo wa kiti cha mbele. British Airways nao kwenye A320neo za safari fupi waliweka viti vyenye mgongo uliotulia palepale. Kwa safari ya chini ya saa tatu tunawaunga mkono: unajua nafasi uliyopewa na hakuna wa kukupunguzia katikati ya safari. Vile vibao vya kuzuia kiti cha mbele kisilale, vinavyouzwa mtandaoni, achana navyo. Mashirika mengi yamevikataza, na mwaka 2014 ndege ya United iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver ililazimika kutua Chicago baada ya abiria kugombania kifaa hicho.

Upana, ambao watu huusahau

Upana hupimwa kati ya mkono mmoja wa kiti na mwingine. Kutoka inchi 17 hadi 18 ni sentimita mbili na nusu tu, na kwenye karatasi haionekani kama kitu. Ila inchi 17 ni sentimita 43, na mabega ya wanaume wengi ni mapana kuliko hapo. Wakikaa watatu wa namna hiyo, wa kati hujikunja mbele na wa njiani huegemea nje, akawa anapigwa na toroli la chakula kila linapopita. Kwa safari inayozidi saa sita, upana tunauweka mbele ya pichi. Goti lililobanwa utalipatia nafuu kwa kusimama na kutembea, lakini bega lililobanwa linabanwa hata ukiwa umelala, na ndilo linalokuamsha.

Upana unatokana na hesabu rahisi: bodi ya ndege kwa ndani, toa njia, gawa kwa viti. Boeing 737 ina kama mita 3.53 kwa ndani, na Airbus A320 ina kama 3.70. Zote hukaa viti sita kwa mstari. Hakuna mbinu ya shirika inayoweza kufuta tofauti hiyo ya sentimita 17, ndiyo maana kiti cha 737 hukaa kwenye inchi 17 na cha A320 kwenye karibu 18. Ukiwa na uhuru wa kuchagua kati ya hizo mbili kwenye njia moja na bei moja, chukua A320 bila kufikiri sana.

Kwenye ndege kubwa hesabu hubadilika kwa uamuzi wa shirika. Boeing 787 inakaa vizuri viti nane kwa mstari, lakini karibu mashirika yote yamebana tisa, na upana ukashuka hadi karibu inchi 17. Japan Airlines kwenye 787 zao za kimataifa walibaki na nane, wawili dirishani, wanne kati, wawili dirishani, wakaweka na pichi ya karibu inchi 33. Kwa daraja la kawaida hicho ndicho kiti tunachokiweka juu ya orodha. Airbus A350 yenye tisa kwa mstari inatoa karibu inchi 18 na ndiyo hali ya kawaida. French bee na Air Caraïbes wameweka kumi, kwa hiyo aina ya ndege peke yake haitoshi, lazima uhesabu viti. A330 yenye nane ni ya starehe na ina faida ya viti viwili viwili dirishani. Cebu Pacific kwenye A330neo wamefika tisa kwa mstari na abiria 459 katika ndege moja, na upana umeshuka hadi karibu inchi 16.5. Boeing 777 ilizoeleka kuwa na tisa, kisha wengi wakahamia kumi. Singapore Airlines ni miongoni mwa waliobaki na tisa kwenye 777-300ER zao, na bega linaona tofauti tangu dakika ya kwanza.

Mwaka 2013 Airbus walitoa wito kwamba inchi 18 iwe kiwango cha chini kwa safari ndefu, wakiambatanisha utafiti wa usingizi walioufadhili wenyewe. Walikuwa na maslahi, kwa sababu mpinzani wao ndiye aliyekuwa akiuza ndege za inchi 17. Hoja yenyewe hata hivyo ni ya kweli, na inachekesha kidogo kwamba A330 za mistari ya tisa zimetoka kiwandani kwao.

Ndege ndogo ndizo zinazoshangaza. Airbus A220 ina viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, upana unazidi inchi 18, na kile cha kati kimepewa upana zaidi kidogo, karibu 19, kama fidia. Embraer E190 na E195 zina viwili viwili, hakuna kiti cha kati kabisa. Abiria wengi huziona hizi kama ndege za daraja la chini kwa sababu ya udogo wake. Kwa upande wa kiti wanakosea.

Mashirika, kwa makundi

Mashirika ya nauli nafuu hayafanani kama inavyosemwa. Ryanair hukaa kwenye inchi 30, ambazo kwa viti vyake vyembamba si mbaya hata kidogo. Tatizo lao ni upana wa 737. Wizz Air kwenye A321neo yenye viti 239 wako karibu na inchi 28 hadi 29, na Frontier wa Marekani wako kwenye 28 kwa mistari ya kawaida. Hao wawili wanatumia familia ya A320, kwa hiyo bega linapata afadhali na goti linaumia. Mwenye paja refu apande Ryanair, mwenye mabega mapana apande hao wengine, na mwenye vyote viwili alipie mstari wa mbele.

Mashirika makubwa ya Marekani, yaani American, Delta na United, hukaa inchi 30 hadi 31 kwa ndege za ndani, na tofauti kati yao ni ndogo mno kuamua safari. JetBlue wanawazidi kwa inchi 32, na wanarusha A320 na A220, kwa hiyo wanashinda pande zote mbili. American walijaribu mwaka 2017 kushuka hadi inchi 29 kwenye baadhi ya mistari ya 737 MAX. Kelele za abiria na wafanyakazi zikawarudisha kwenye 30. Kelele hizo ndizo zilizofanya kazi, maana sheria haikuwapo. Bunge la Marekani liliagiza mwaka 2018 kwamba mamlaka ya anga, FAA, iweke vipimo vya chini vya viti kwa ajili ya usalama. FAA ilikusanya maoni ya umma mwaka 2022. Jaribio linalohusika na usalama ni kuwatoa abiria wote ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango, na ndege iliyobanwa inaweza kulipita: A380 ilitoa watu 873 kwa sekunde 78 mwaka 2006. Jaribio hilo halipimi goti lako baada ya saa kumi.

Safari ndefu za Asia ndizo zenye pichi nzuri zaidi. All Nippon na Japan Airlines hufika inchi 33 hadi 34 kwenye ndege nyingi za kimataifa, na Singapore Airlines wako kwenye 32. Kwa Ghuba ya Uajemi pichi ni nzuri kwa ujumla, ila chunga kati ya ndege na ndege. Qatar Airways kwenye A350 wanakupa tisa kwa mstari, na kwenye 777 wanakupa kumi, hali ileile ya Emirates. Ukiona safari mbili za siku moja kwenda mji mmoja, moja 777 na nyingine A350 au A380, usichague kwa saa ya kuondoka peke yake.

Tahadhari moja kwa wanaonunua daraja la biashara kwa safari fupi za Ulaya: kwa British Airways, Lufthansa na wengineo, kiti ni kilekile cha daraja la kawaida, ila cha kati kimeachwa wazi. Bega linanufaika sana. Goti mara nyingi halinufaiki chochote.

Mstari

Mlango wa dharura juu ya bawa ndio unaokimbiliwa, na kwenye 737-800 na A320 kuna mistari miwili ya namna hiyo ikifuatana. Mtego ni kwamba haifanani. Viti vya mstari wa kwanza wa dharura havilali, kwa sababu vikilala vitaziba njia ya mlango wa nyuma yake, na mstari ulio mbele ya huo nao haulali kwa sababu hiyohiyo. Mstari wa pili wa dharura ndio wenye nafasi ya miguu na kiti kinacholala. Mstari ulio mbele ya milango, ambao haulali wala hauna nafasi ya ziada, ndio kiti kibaya zaidi katikati ya ndege, na ramani za mashirika mengi haziuonyeshi kwa rangi tofauti.

Masharti ya kukaa hapo ni ya kweli na yanasimamiwa. Lazima uwe mtu mzima wa kuweza kufungua mlango, na uelewe maelekezo ya wahudumu. Marekani umri wa chini ni miaka 15, na yapo mashirika yanayoweka 16. Anayehitaji kiungio cha kurefusha mkanda haruhusiwi, mwenye mtoto mchanga haruhusiwi, na begi lote linapanda juu wakati wa kupaa na kutua. Ukilipia kiti hicho bila kutimiza masharti utahamishwa kutoka hapo, na fedha ulizolipa huenda zisirudi. Karibu na milango kuna baridi pia, kwa hiyo usipakie koti kwenye sanduku la chini.

Kwenye ndege kubwa, na kwenye A321 za zamani zenye milango kamili, kiti kilicho nyuma ya mlango hakina mtu mbele yake. Miguu inanyooka mpaka basi. Lakini kile cha dirishani kabisa mara nyingi kina uvimbe wa mlango mbele yake, pale linapokaa puto la kuteremkia, na mguu wa upande huo unakosa pa kwenda. Chagua cha pili kutoka dirishani au cha njiani. Na ujue kwamba wasafiri watasimama hapo mbele yako kusubiri choo.

Mstari wa kwanza nyuma ya kiambaza kinachotenganisha madaraja hupendwa bila sababu ya kutosha. Goti haligusi, hakuna wa kukulalia, hilo ni kweli. Lakini miguu haiwezi kunyooka chini ya kiti cha mbele kwa kuwa hakipo, ukuta unakuzuia, na mtu mrefu sana anaweza kujikuta vibaya kuliko mstari wa tano. Meza na skrini hujificha ndani ya mikono ya kiti, hivyo mikono haiinuki na imejaa hadi chini, na upana unapungua. Hapo ndipo vitanda vya watoto wachanga hufungwa pia. Hatuna ugomvi na watoto, ila anayetaka kulala ajue.

Mstari wa mwisho hukaa ukutani na mara nyingi haulali, huku wa mbele yake ukilala vizuri. Mistari michache kabla ya huo kwenye 777 ina siri nzuri: bodi inapunguka, viti vitatu vya pembeni vinakuwa viwili, na kati ya kiti na dirisha panabaki pengo la kuwekea begi dogo. Kwa watu wawili wanaosafiri pamoja, hapo ni bora kuliko mistari mingi ya mbele.

Wapenda dirisha wachunguze ramani, kwa sababu dirisha si haki ya kila kiti cha dirishani. Kwenye Boeing 737, mabomba ya hewa hupanda kutoka tumboni mwa ndege mbele ya bawa, na mahali hapo ukuta ni mtupu. Kiti 11A kwenye 737-800 za Ryanair kinajulikana kwa hilo.

Ukiwa na mstari wa 3-4-3, yaani vitatu pembeni, vinne kati, vitatu pembeni, na unataka kuinuka mara kwa mara, chukua kiti cha njiani katika kundi la kati. Kwenye kundi la pembeni watu wawili watakupita wakienda chooni. Kwenye kundi la kati, anayepita kwako kwa kawaida ni mmoja, kwa sababu wa pili ana mwenzake wa upande mwingine. Na inuka kweli. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban mara mbili baada ya saa nne au zaidi za kukaa safarini. Hatari hiyo bado ni ndogo kwa mtu mwenye afya, lakini kubanwa kunawafanya watu wasisogee.

Kulipia nafasi zaidi

Economy Plus ya United, Comfort ya Delta, Main Cabin Extra ya American, EvenMore ya JetBlue, Economy Comfort ya KLM: zote zinauza kitu kimoja, inchi tatu hadi sita za pichi kwenye kiti kilekile. Upana haubadiliki. Tatizo lako likiwa mabega, fedha hizo umezipoteza. Likiwa goti, na safari inazidi saa nne, tunasema lipa, lakini gawa bei kwa saa za kuruka kabla ya kukubali, maana mashirika hutoza kwa mahitaji na njia ya saa mbili inaweza kugharimu karibu sawa na ya saa tano.

Daraja la kati, lile linaloitwa primiamu, ni kitu kingine: pichi ya inchi 38 au zaidi, 42 kwa Japan Airlines, upana wa inchi 18 na nusu kwenda juu, na pa kuegemeza miguu. Mwenye mabega mapana na magoti marefu asinunue mstari wa nafasi zaidi halafu akajuta. Alinganishe bei ya daraja hili kwanza. Skycouch ya Air New Zealand, ambamo viti vitatu hugeuzwa kitanda kwa kuinua vibao vya miguu, inawafaa wazazi wenye mtoto mdogo. Urefu wake ni wa viti vitatu tu, karibu mita moja na nusu, kwa hiyo mtu mzima mrefu analala amejikunja.

Kuhakikisha kabla na baada ya kulipa

Fungua maelezo ya safari na utafute vitu viwili: aina kamili ya ndege na jina la shirika linalorusha. Tiketi yenye namba ya shirika moja inaweza kurushwa na mshirika wake mwenye viti tofauti kabisa. Google Flights ukiipanua safari huonyesha inchi za nafasi ya miguu, na inatosha kuchuja wabaya. Kisha nenda AeroLOPA, ambapo ramani za viti zimechorwa kwa vipimo, hivyo unaona mahali dirisha lilipo, mahali mlango ulipo na mstari uliobanwa. SeatGuru, ambayo wengi waliizoea, iliachwa miaka mingi bila kusasishwa, na picha zake za zamani bado zinazunguka mtandaoni. Usipangie safari kwa hizo. Shirika likiwa na matoleo mawili ya ndege moja, linganisha ramani na ile inayotokea kwenye ukurasa wa kuchagulia viti: hesabu mistari, angalia mahali vyoo vilipo, utajua ni toleo lipi.

Rudi kuangalia siku tatu kabla, kisha saa 24 kabla. Ndege hubadilishwa, na ikibadilishwa mfumo huhamisha watu kwa namba za mistari, si kwa sifa za kiti. Mstari wa 15 uliokuwa wa dharura kwenye ndege ya kwanza unaweza kuwa ule usiolala kwenye ya pili. Ukiona hivyo, piga simu au zungumza na dawati mapema, kabla viti vya mlangoni havijagawiwa. Kama ulilipia nafasi zaidi na hukupewa, dai fedha zako. Kwa safari zilizo chini ya sheria za Marekani, kanuni ya Wizara ya Uchukuzi ya mwaka 2024 inalitaka shirika lirudishe malipo ya huduma ya ziada ambayo halikuitoa. Tunza risiti ya kiti pamoja na pasi ya kupandia, maana zote mbili zitatakiwa.

Ndani ya ndege, anayekaa njiani apapase chini ya mkono wa kiti wa upande wa njia, karibu na bawaba. Kwenye ndege nyingi kuna kitufe au kijiti kinachouachia mkono huo uinuke, na nyonga inapata sentimita kadhaa. Ushushe wakati wa kupaa, wa kutua, na toroli linapokuja.